Waya wa pili: safari ya kuiondoa platinamu kwenye nyuzi za sola

Chukua waya wa platinamu wenye kipenyo cha mikromita 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita, na urefu wa mita moja. Uzito wake ni takriban gramu 0.17. Kwa bei ya dola 30 kwa gramu, ambayo haiko mbali na bei iliyokuwapo sokoni kwa miaka kadhaa kabla ya kupanda mwaka 2025, waya huo una platinamu ya dola 5. Sasa usokote pamoja na waya mwenzake uliopakwa rangi ya kunasa mwanga, upate uzi wa sola wenye upana wa robo milimita. Ukiuanika kwenye jua kali la mchana, nao ukageuza asilimia 7 ya mwanga kuwa umeme, utatoa milliwati 17 na ushei. Kupata wati moja kunahitaji mita 57 za uzi huo, na ndani yake kuna platinamu ya karibu dola 290. Paneli ya kawaida ya silikoni hutoka kiwandani kwa chini ya senti 20 za dola kwa kila wati.

Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini watafiti wengi, hasa nchini China, wametumia zaidi ya miaka 15 kutafuta kitu cha kuweka mahali pa platinamu. Na wamekipata, tena mara nyingi: kaboni, salfidi za metali, plastiki zinazopitisha umeme, hata wino wa kalamu. Ndiyo maana mtu anayefuatilia habari hizi huchanganyikiwa. Kama mbadala umepatikana mara zote hizo, mbona nguo ya sola haijafika dukani? Jibu ni kwamba waya wa platinamu ulikuwa ukifanya kazi mbili kwa pamoja. Mbadala mwingi unaotangazwa unafanya moja tu kati ya hizo, na kwa bahati mbaya ile iliyobaki ndiyo ngumu zaidi.

Uzi unafanyaje umeme

Seli zinazozungumziwa hapa ni za ukoo wa ile iliyoelezwa mwaka 1991 na Brian O'Regan na Michael Grätzel, huko Lausanne, Uswisi. Huitwa seli za rangi, kwa sababu kinachonasa mwanga ni rangi iliyoshikamana na chembe ndogo mno za dioksidi ya titani, unga uleule mweupe unaotiwa kwenye rangi za kupaka nyumba. Mwanga ukiipiga rangi, elektroni inaruka kutoka kwenye rangi hadi kwenye unga huo, inapita nje kwenye saketi ikifanya kazi, kisha inarudi ndani ya seli kupitia elektrodi ya pili (elektrodi ni sehemu ambayo umeme huingilia au kutokea). Kati ya elektrodi mbili kuna kimiminika chenye iodini ambacho huipokea elektroni na kuirudisha kwa rangi iliyoipoteza.

Katika umbo lake la asili, seli hii ni bapa na imebanwa kati ya vioo viwili. Kioo cha mbele lazima kipitishe mwanga na umeme kwa pamoja, kwa hiyo hupakwa tabaka la oksidi ya bati iliyotiwa florini. Kioo cha aina hiyo ni kizito, hakikunjiki, na ni sehemu kubwa ya gharama ya seli nzima. Hapa ndipo wazo la uzi linapoonyesha akili yake. Uzi hupokea mwanga kutoka pembeni, pande zote, na elektrodi zake zimekaa katikati au zimezungushwa kwa nje kama mzingo. Hakuna haja ya kitu kinachopitisha mwanga na umeme kwa wakati mmoja. Waya mweusi usiopenyeka mwanga unafaa kabisa. Mwaka 2008 kundi la Dechun Zou katika Chuo Kikuu cha Peking, Beijing, lilieleza seli ya rangi yenye umbo hilo, nyaya mbili zilizosokotwa, mmoja wa chuma kisichoshika kutu na mwingine wa platinamu. Ufanisi ulikuwa mdogo, lakini kile kioo cha gharama kilikuwa kimeondoka.

Mwaka uliofuata kampuni ya Konarka ya Massachusetts, Marekani, ilichapisha nyuzi za aina nyingine, zenye plastiki za kunasa mwanga badala ya rangi na iodini, kwa ufanisi wa karibu asilimia 3. Konarka ilifilisika mwaka 2012. Naitaja kwa sababu nyuzi zake hazikuwa na kimiminika chenye iodini, na tutaona punde kwamba iodini ndiyo inayofunga milango mingi.

Kazi mbili

Ili kuelewa waya wa pili, ule wa platinamu, unafanya nini, fikiria pantoni ya Kigamboni, jijini Dar es Salaam. Abiria ni elektroni, pantoni ni iodini, na gati ni uso wa elektrodi ya pili. Barabara inayowaleta abiria gatini inaweza kuwa pana na safi, lakini kama lango la kupandia ni finyu, watu watajazana na pantoni itaondoka nusu tupu. Kinyume chake nacho ni kweli: lango likiwa pana huku barabara ina foleni tangu Posta, pantoni itasubiri.

Kazi ya kwanza ya waya, basi, ni barabara: kusafirisha elektroni kwa urefu wote wa uzi bila kupoteza volti njiani. Kazi ya pili ni lango: kuzipandisha elektroni kwenye iodini. Kikemia, iodini inayofika kwenye waya imeshikana tatutatu, katika hali iitwayo triiodidi, na kila triiodidi inahitaji elektroni mbili ili iachane kuwa iodidi tatu. Kwenye uso wa metali nyingi mwachano huo ni wa polepole, na seli hulipa uchelewaji huo kwa volti. Platinamu huuharakisha, ni kichocheo. Tena ni metali, kwa hiyo ni barabara nzuri. Zaidi ya hayo, inastahimili iodini kuliko metali nyingi za kawaida. Waya mmoja wa platinamu hufanya yote, na hapo ndipo bei yake inapotoka.

Jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni kwamba kama kichocheo, platinamu si ghali hivyo. Kwenye seli bapa haitumiki kama bamba. Hunyunyizwa chembechembe, mikrogramu chache kwa kila sentimita ya mraba, na kwa wati moja yote haifiki hata miligramu mbili. Hiyo ni thamani ya senti kadhaa. Zile dola 290 zilitokea kwa sababu madini ya thamani yalifanywa barabara, wakati kinachofanya kazi ya kichocheo ni atomu zilizo juu ya uso pekee. Kwa hiyo swali zuri la kuuliza ni hili: uti wa waya uwe wa nini, na ngozi yake iwe ya nini?

Ngozi: tatizo lililokwisha kutatuliwa kwa sehemu kubwa

Upande wa ngozi, habari ni njema. Kaboni ilikwisha kuonyesha uwezo wake kabla ya nyuzi hazijaja. Mwaka 1996 Andreas Kay na Grätzel walitengeneza seli bapa zenye elektrodi ya masizi na grafiti, yale madini ambayo Tanzania tunayaita kinywe. Mwaka 2006 Takurou Murakami na Grätzel walifikisha asilimia 9.1 kwa elektrodi ya masizi matupu. Masizi ni kitu cha bei ya chini sana; ndiyo yanayofanya matairi ya magari kuwa meusi.

Kaboni si kichocheo kikali kama platinamu kwa kila kipande cha eneo. Uso laini wa kinywe, zile karatasi zake zilizolaliana, karibu hauna shughuli yoyote na triiodidi. Shughuli iko kwenye kingo za karatasi hizo na kwenye kasoro zake, mahali ambapo mpangilio wa atomu umevunjika. Dawa yake ni kuongeza eneo: unga laini, wenye vinyweleo, uliopakwa kwa unene wa mikromita kumi au zaidi. Kwenye kioo hilo halina shida. Kwenye waya linaleta shida, kwa maana tabaka nene la unga mkavu juu ya kitu kinachokunjwa hupasuka na kubanduka. Hivyo mtu anayetengeneza uzi anabanwa pande mbili: apake nyembamba, kichocheo kipungue, apake nene, uzi usikunjike.

Kundi la Zou lilipata njia rahisi inayonivutia mpaka leo. Mwaka 2012 walichapisha kazi ya kutumia wino mweusi wa kalamu, ule unaouzwa madukani, kama kichocheo cha seli za rangi. Wino wa aina hiyo ni chembe za kaboni zilizosambazwa majini pamoja na gundi kidogo, na watengenezaji wake walikwisha kutatua kwa miaka mingi matatizo yaleyale ya mtengeneza uzi: chembe zisigandane, zishike kwenye uso, zikauke bila kupasuka. Unachovya, unakausha, unarudia. Hakuna tanuri la ombwe wala gesi za hatari.

Salfidi ya kobalti ilifuata njia nyingine. Mwaka 2009 watafiti wa Lausanne na Montréal waliiweka kwa umeme juu ya plastiki inayokunjika, wakapata ufanisi wa asilimia 6.5 na kuonyesha kwamba inaweza kusimama badala ya platinamu. Tangu hapo zimejaribiwa salfidi na selenidi za nikeli, chuma na molibdeni. Plastiki iitwayo PEDOT nayo inafanya kazi hiyo, na faida yake ni kwamba inanyumbulika pamoja na waya.

Neno moja kuhusu unafuu wa kobalti. Ni kweli kwamba ni rahisi mara nyingi kuliko platinamu. Lakini zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, sehemu kubwa ikitoka Lualaba na Katanga ya Juu, ambako wapo wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye mashimo kwa mikono na koleo. Bei ya chini inayoandikwa kwenye jedwali la utafiti haina safu ya gharama hiyo. Kwa kuwa masizi na kinywe vinafanya kazi karibu sawa, sioni sababu ya kuikimbilia kobalti kwanza.

Uti: hapa ndipo penye fundo

Tuingie sasa kwenye barabara. Kila kitu kinachopitisha umeme kina ukinzani, yaani huuzuia mkondo kwa kiasi fulani, na waya mwembamba wenye urefu mkubwa una ukinzani mwingi. Tuchukue tena kipenyo cha mikromita 100 na urefu wa mita moja. Waya wa shaba utakuwa na ukinzani wa omu 2 hivi. Platinamu itakuwa na omu 13 au 14. Titani ni omu 53. Chuma kisichoshika kutu ni omu 92. Fungu la nyuzi 1,000 za kaboni, zile za kibiashara zenye unene wa mikromita 7 kila moja, linafikia omu 440 hivi. Fungu hilo lina uzito wa takriban gramu 0.07 kwa mita, na kwa bei ya viwandani halifiki senti moja ya dola. Kwa gharama ya madini tumeshinda kabisa. Kwa ukinzani tumepoteza mara thelathini kulinganisha na platinamu.

Ukinzani huo unaumiza kiasi gani? Uzi wetu wa mita moja una eneo la sentimita za mraba 2.5 linaloelekea jua. Seli nzuri ya aina hii hutoa mkondo wa milliampi 12 hivi kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo jumla ni milliampi 30. Elektroni zinaingia na kutoka kila mahali kwenye uzi, kwa hiyo hasara ya volti kwenye ncha ya mbali ni kama nusu ya mkondo wote ukizidishwa na ukinzani wote. Kwa shaba hasara ni volti 0.03. Kwa platinamu ni 0.2. Kwa titani ni 0.8, kwa chuma kisichoshika kutu ni 1.4, na kwa fungu la kaboni ni 6.6. Seli yenyewe hutoa volti 0.7 tu. Maana yake ni kwamba kwenye uzi wa mita wenye uti wa chuma au wa kaboni, sehemu kubwa ya mbali haichangii chochote. Imekaa tu juani.

Ukifupisha uzi, hasara haipungui kwa kiwango kilekile cha urefu. Urefu ukiwa nusu, mkondo unakuwa nusu na ukinzani unakuwa nusu, hivyo hasara inakuwa robo. Urefu ukipungua mara kumi, hasara inapungua mara mia. Kwenye uzi wa sentimita 5, fungu lile la kaboni linapoteza volti 0.017 tu, na chuma kisichoshika kutu hakifiki hata 0.004. Hakuna atakayeziona hasara hizo kwenye grafu.

Na sentimita chache ndiyo urefu wa nyuzi nyingi zinazopimwa maabara. Watafiti hawadanganyi mtu. Wanapima wanachopima kwa uangalifu, na urefu huo unafaa kulinganisha vichocheo. Ila ufanisi uliopatikana kwa sentimita 5 hausemi chochote kuhusu mita moja, na msomaji anayekutana na asilimia 8 au 10 katika kichwa cha makala anapaswa kwanza kutafuta urefu wa uzi uliopimwa. Mimi naona takwimu hiyo ingeandikwa pembeni mwa ufanisi kila mara, kama vile uzito wa mtoto unavyoandikwa na umri wake kwenye kadi ya kliniki.

Mbona isiwe shaba?

Shaba inapitisha umeme kuliko vyote tulivyovitaja, ni rahisi, na kila fundi umeme anaijua. Kwa nini tusichukue waya wa shaba, tukaupaka wino?

Kwa sababu ya iodini. Mchanganyiko wa iodidi na triiodidi hula shaba na kuigeuza iodidi ya shaba. Fedha nayo inaliwa, na alumini vilevile. Tabaka la kaboni lenye vinyweleo halizuii kitu, maana vinyweleo vilevile vinavyoipa eneo la kufanya kazi ndivyo vinavyopitisha kimiminika hadi kwenye uti. Waya utaanza kulika kabla uzi haujatoka dukani. Chuma kisichoshika kutu hujikinga kwa ngozi nyembamba ya oksidi ya kromi, lakini iodini huitoboa kidogo kidogo kwa muda mrefu, hasa kwenye joto.

Titani inastahimili. Ngozi yake ya oksidi ni imara na hujiponya ikikwaruzwa. Ndiyo maana nyuzi nyingi za miaka ya karibuni zina uti wa titani kwenye waya wa kwanza, ule uliopakwa rangi, na wakati mwingine kwenye wa pili pia. Kwa madini tu, mita moja ya waya wetu ina titani ya gramu 0.035, thamani isiyofika senti moja. Pwani yetu inaufahamu mchanga wake: kule Kwale, Kenya, kampuni ya Base Titanium ilichimba ilmenaiti na rutaili kwa zaidi ya muongo mmoja hadi ilipofunga uchimbaji mwishoni mwa 2024. Sehemu kubwa ya mchanga wa namna hiyo duniani huishia kwenye rangi nyeupe. Kuugeuza kuwa metali ni jambo jingine. Tangu kazi ya William Kroll wa Luxembourg kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili, njia inayotumika ni kuugeuza mchanga kuwa kloridi, kisha kuiondoa klorini kwa magnesi iliyoyeyushwa ndani ya tanuri lisilo na hewa, kundi kwa kundi. Baada ya hapo bado metali ivutwe hadi iwe waya mwembamba kama unywele, na titani ni ngumu kuvuta. Bei ya waya haitoki kwenye mchanga. Inatoka kwenye tanuri na kwenye mashine ya kuvutia.

Jambo hilohilo linazikuta nanotyubu za kaboni, yaani vijimirija vidogo mno vya kaboni. Kundi la Huisheng Peng katika Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, limefanya kazi kubwa kuliko wengi katika kusokota nyuzi za nanotyubu, na mwaka 2018 walitangaza uzi wa sola wenye ufanisi wa asilimia 10. Uzi wa nanotyubu una sifa ambazo fungu la kawaida la kaboni halina: hupitisha umeme vizuri zaidi, hukunjwa na kufungwa fundo bila kukatika, una eneo kubwa la ndani, na iodini haiuli. Unafanya kazi zote mbili, barabara na lango, bila metali hata moja. Malighafi yake ni gesi ya kawaida ya viwandani. Lakini gesi hiyo hupitishwa kwenye tanuri juu ya kisahani cha silikoni chenye chembe za chuma, nanotyubu zikaota kama msitu uliosimama wima, kisha msitu huo ukavutwa pole pole kuwa utepe na kusokotwa. Kuita nyenzo hiyo ya bei nafuu kwa sababu kaboni imejaa duniani si sahihi.

Niseme pia juu ya kinywe, kwa sababu hapa nyumbani huulizwa sana. Tanzania ina akiba kubwa, Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi, na wapo wanaotumaini kwamba sola za nyuzi zitafungua soko jipya. Tupige hesabu. Tabaka la mikromita 10 kuzunguka waya wetu linahitaji miligramu 3 hivi za kaboni kwa mita. Tani moja ingepaka nyaya za zaidi ya kilomita 300,000. Soko kubwa linalokua la kinywe ni betri. Katika uzi wa sola, kiasi ni kidogo mno hata bei ya madini haina uzito; kilicho na thamani ni ujuzi wa kuyasaga, kuyasafisha na kuyageuza kuwa wino unaoshika.

Njia tatu za kutoka

Ya kwanza ni kuvisha. Uti wa shaba unavikwa titani, na juu ya titani inapakwa kaboni. Viwanda vya kuchovya metali kwa umeme vimetumia nondo za shaba zilizovikwa titani kwa miaka mingi, kwa sababu zilezile: shaba ipitishe, titani ikinge. Kwenye waya wa mikromita 100, hata hivyo, koti la titani linakuwa jembamba sana, na tundu moja lisiloonekana kwa macho linatosha iodini kuingia na kutembea chini ya koti lote.

Ya pili ni kukubali kwamba uti una ukinzani na kuutega umeme mara kwa mara. Kanuni ile ya mara mia inafanya kazi kwa faida yetu pia. Kama kitambaa kimefumwa hivi kwamba kila baada ya sentimita 10 uzi wa sola unakutana na waya wa shaba unaokusanya mkondo, hasara ya chuma kisichoshika kutu inashuka kutoka volti 1.4 hadi 0.014. Waya wa shaba uko nje ya kimiminika, hauguswi na iodini. Mfumaji anaelewa jambo hili kwa haraka: nyuzi za mtande ni sola, na katikati ya mishindio unapitisha shaba kila baada ya vidole kadhaa. Gharama inahama kutoka kwenye nyenzo hadi kwenye viungo, kwa sababu kila kiungo kinatoboa ganda la uzi na lazima kizibwe kisivuje. Kwa maoni yangu hapa ndipo fedha za utafiti zingeleta tija zaidi kuliko kutafuta kichocheo cha mia moja na moja. Kuziba viungo hakuleti makala za kuvutia, lakini bila hilo kitambaa hakitoki maabara.

Ya tatu ni kuiondoa iodini yenyewe. Badala yake huwekwa molekuli zenye kobalti au shaba katikati, ambazo hupokea na kutoa elektroni bila kushambulia metali kwa ukali uleule. Kwa molekuli hizo, kaboni na PEDOT mara nyingi hufanya vizuri kuliko platinamu, kwa hiyo hoja ya kuendelea kung'ang'ania platinamu inakufa kabisa. Mwaka 2017 Marina Freitag na wenzake waliripoti seli bapa ya aina hiyo, yenye shaba, iliyogeuza asilimia 28.9 ya mwanga wa taa wa kipimo cha laksi 1,000 kuwa umeme. Huo ni mwanga wa ofisi iliyowashwa taa vizuri, wala si wa jua.

Mwanga wa taa unabadilisha hesabu zote zilizotangulia. Ndani ya nyumba, mkondo wa seli ni kama sehemu moja ya mia ya ule wa juani. Uzi wetu wa mita moja badala ya milliampi 30 unatoa 0.3, na hasara inashuka kwa kiwango hichohicho: chuma kisichoshika kutu kinapoteza volti 0.014 kwa mita nzima, fungu la kaboni la senti moja linapoteza 0.066. Hakuna haja ya shaba wala ya viungo kila baada ya sentimita 10. Uti wa bei ya chini kabisa, uliopakwa wino, unatosha.

Umeme wenyewe ni kidogo, na asiyependa kudanganya lazima auseme. Laksi 1,000 ni milliwati 0.3 hivi kwa sentimita ya mraba. Kwa ufanisi wa asilimia 20, mita moja ya uzi inatoa milliwati 0.15. Simu inayochajiwa hutaka wati 5, kwa hiyo ingehitaji zaidi ya kilomita 33 za uzi. Lakini kihisi cha joto na unyevu kinachopima hewa kila baada ya dakika chache, kisha kutuma tarakimu zake kwa redio na kulala, kinaweza kuishi kwa wastani wa mikrowati makumi kadhaa. Kinachotakiwa ni mita moja ya uzi iliyoshonwa kwenye pindo la pazia, bila betri ya kubadilisha.